Mkono wa Kushoto wa Shemeji

Besi ilikata. Lakini besi iliendelea kusikika.

Hapo ndipo hadithi ilipokatwa wiki jana, kama mpishi wa bweni anavyokata mkate: kipande kinaisha pale tu ulipoanza kukifurahia. Basi turudi ukumbini haraka kabla damu haijapoa.

Kwa aliyechelewa kuingia darasani, mambo ni haya. Ukumbi ni mtupu, ni alasiri, viti vimepinduliwa juu ya meza. Jukwaani iko familia moja ambayo pia ni bendi. Mama Mkwe anaimba. Mwanawe mkubwa, Radi, anapiga ngoma. Mwanawe mdogo, ambaye hapa tutamwita Shemeji, anapiga kinanda. Na mke wa Radi, ambaye wamempa jina la Kisiki kwa sababu akishasimama na gitaa lake la besi hasogei hata paa likiezuliwa, anapiga besi.

Chini, peke yake, na kikombe cha chai mkononi, ameketi Wakala wa meli ya watalii. Anatafuta wanamuziki wa kusafiri nao mwaka mzima.

Anazo nafasi tatu. Wao ni wanne.

Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Tangu asubuhi mdogo wake Radi alikuwa akitangaza kwamba kinanda chake kina ufundi wa kisasa: upande wa kulia kinalia kinanda, upande wa kushoto kinalia besi. "Mkono wangu wa kushoto haulipwi," alisema, "na haukoromi usiku." Alisema hivyo huku akimtazama mke wa kaka yake, kwa ule utani wa mashemeji ambao huwa na mfupa ndani.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wimbo wa pili, besi ya Kisiki ilianza kukwaruza kama mtu mwenye mafua, ikakohoa, ikanyamaza.

Na hapohapo mkono wa kushoto wa Shemeji ukashuka, ukaiokota noti ilipoangukia, ukaendelea nayo.

Wakala hakuinua hata kichwa. Kidole chake kiliendelea kugonga gonga juu ya goti.

Mtu akifa, walau majirani hulia. Kisiki alifia jukwaani na kidole cha Wakala hakikukosa pigo.

"Usihangaike, shemeji," kijana alimnong'oneza bila kuacha kupiga. "Jifanye unapiga. Uso uwe na furaha."

"Umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Tabasamu, shemeji. Mgeni anatuangalia."

Kisiki akatabasamu, tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya nyuzi zisizotoa kitu. Hakuna kazi inayochosha kama kupiga besi isiyosikika. Vidole vinafanya kazi ileile, ila moyo unafanya ya watu wawili.

Macho yake yalikimbia huku na huku. Taa ya amplifaya: inawaka. Pedeli zake tatu zilizopangwa kwenye ubao miguuni, ya kutyuni nyuzi, ya kubana sauti isipande wala kushuka, na ya kuongeza sauti ya chini: zote zinawaka. Waya: unatoka kwenye gitaa, unapita sakafuni, unapita chini ya kinanda, unafika kwenye ubao.

Unapita chini ya kinanda. Na juu ya waya kimekaa kiatu cha Shemeji.

Moyo wa Kisiki ukasema, Ahaa.

Wimbo ulipoisha, Wakala alipiga makofi mawili ya adabu. "Safi," alisema. "Hasa besi. Imetulia."

Wasomaji wenye huruma watulie kidogo hapo, waache sentensi hiyo imchome mwenzetu ipasavyo.

"Mama," Kisiki alimgeukia Mama Mkwe, "mwanao amenikatia waya."

"Nani?"

"Huyu. Ameukanyaga makusudi."

Radi aliweka chini vijiti vyake. Mama Mkwe, ambaye katika maisha yake hajawahi kuonyesha ugomvi mbele ya mwenye kazi, alimgeukia Wakala na kutoa sauti ya asali. "Tunachagua wimbo unaofuata, baba. Kunywa chai yako taratibu." Kisha akawageukia watoto wake na kutoa sauti ile nyingine. "Semeni. Kwa kunong'ona."

"Mama, mguu wangu uko hapa kwa sababu kinanda kiko hapa," Shemeji alisema. "Shemeji, kanyaga pedeli yako ya kutyuni."

"Usinifundishe kazi."

"Kanyaga tu."

Kisiki akakanyaga. Akapiga uzi mnene. Kwenye pedeli kuna mshale mdogo wa taa ambao hucheza kila sauti inapofika. Mshale ulilala. Akapiga tena kwa hasira, uzi ukatetemeka kama kamba ya nguo. Mshale ulilala tu.

Sauti ilikuwa haifiki hata kwenye pedeli ya kwanza.

"Waya umekatika, si nimesema?"

Radi alimrushia waya mwingine, mpya, uliokuwa bado umefungwa. Kisiki akaubadilisha. Akapiga.

Mshale ulilala.

Basi waya haukuwa na kosa. Kiatu hakikuwa na kosa. Mgonjwa alikuwa gitaa lenyewe.

"Shemeji," kijana alisema, na safari hii hakuwa anacheka, jambo lililomtisha Kisiki zaidi, "jana jioni ulifanya mazoezi na vile visikilizio vya masikioni?"

"Ndiyo. Nyimbo za meli."

"Ulipomaliza, waya uliuchomoa kwenye gitaa?"

Kisiki alilitazama gitaa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili ni jambo wanalolijua wapiga besi peke yao. Gitaa la aina ya Kisiki lina betri mgongoni, ndiyo inayolipa nguvu. Halina kitufe cha kuiwasha wala kuizima. Ukichomeka waya, betri imewaka. Ukichomoa, imelala. Ukiacha waya tumboni, gitaa linakesha macho hadi asubuhi bila kumwambia mtu, na betri inakwisha kimyakimya. Kila mpiga besi anamwonya mwanafunzi wake kuhusu hilo siku ya kwanza. Kisiki mwenyewe amewaonya wengi, na ana sura maalumu ya ukali kwa ajili ya somo hilo.

Jana Radi alimwita chakula kimeiva. Akaliegemeza gitaa ukutani. Akaenda kula.

"Mwombe radhi shemeji yako," alisema Mama Mkwe.

"Samahani, shemeji."

"Sijasikia," alisema Shemeji, mkono sikioni. "Unajua bila besi mimi sisikii vizuri."

Kisiki hakuwa na muda wa kumjibu. Alikuwa amepiga magoti, anafungua mfuko wa begi la gitaa ambako huweka betri ya akiba. Vidole vyake vikagusa betri. Vikagusa nyingine. Mbili. Akashusha pumzi ya kwanza tangu wimbo wa pili.

Akaipeleka ya kwanza mdomoni, akailamba vichwa vyake viwili.

Wakala, kule chini, aliacha kunywa chai.

Ndiyo, wapiga besi hulamba betri. Ile ndogo ya mraba, ikiwa hai, inauma ulimi kama siafu. Ikiwa imekufa, ni sawa na kulamba kitasa cha mlango.

Kitasa cha mlango.

Akalamba ya pili. Kitasa.

"Ipo?" Radi aliuliza.

"Zipo. Zimekufa."

"Zote?"

"Kila nikibadilisha, ile iliyokwisha naiweka humuhumu nije niitupe." Alizitazama mbili hizo kiganjani. "Kumbe nimekuwa nikitunza makaburi."

Wakala alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na tai nyembamba. "Nisiwachoshe," alisema. "Nimesikia ninachotaka. Mama, ngoma na kinanda. Watatu mnatosha kabisa. Bibie mwenye gitaa, hongera, lakini nafasi ni tatu. Meli inaondoka kesho alfajiri."

Kisiki aliona mambo mengi kwa mara moja. Aliona mumewe akienda mwaka mzima. Aliona mkono ule wa kushoto ukizoea nyimbo zake moja baada ya nyingine, mpaka siku watakaporudi asiwepo mtu anayekumbuka kuwa zilihitaji mtu wa pili. Kiti cha besi kikishakaliwa na mkono, hakirudishwi tena kwa mtu.

"Wimbo mmoja," alisema. "Nipe wimbo mmoja."

"Umeshapiga miwili, bibie."

"Wa pili sikupiga."

Radi alifumba macho. Mama Mkwe alitazama dari. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na maneno si yoyo, hayarudi mkononi.

"Hukupiga?"

"Gitaa lilizima. Ile besi uliyoisifu ni mkono wake wa kushoto."

Wakala aligeuka polepole kumtazama Shemeji, na usoni mwake likachomoza jambo baya kuliko yote yaliyotangulia: heshima.

"Kumbe unaweza hivyo?"

"Najaribu tu, mzee," alisema Shemeji, akiinama kwa unyenyekevu wa mwanafunzi aliyekariri majibu.

Kisiki alikuwa amejichimbia kaburi, akaingia, akaomba apewe na koleo ajifukie. Hata hivyo aliendelea kusema, kwa sababu mtu aliyekwisha zama haogopi kulowa.

"Wimbo wa kwanza ulikuwa unapiga mguu," alimwambia Wakala. "Mguu mzima, kisigino na vyote. Wa pili ulipiga kidole. Hukujua, lakini mimi nilikuona. Nipe wimbo mmoja nikurudishie mguu wako."

Wakala aliutazama mguu wake kama mtu aliyeambiwa ana viatu viwili tofauti.

"Nitamaliza chai hii," alisema hatimaye, akaketi. "Ikiisha, ninaondoka."

Kikombe kilikuwa nusu.

Kisiki alizunguka jukwaa kama kuku aliyepoteza yai. Kinanda kinatumia umeme wa ukutani. Pedeli zake pia zinatumia umeme wa ukutani, tumboni hazina kitu. Maikrofoni ya Mama Mkwe ina waya. Duka liko mbali, na chai ile haikuwa ya moto tena.

Akainua macho.

Nyuma ya pazia la jukwaa, darini, kulikuwa na king'ora cha moshi: kisahani cheupe chenye kitaa chekundu kinachokonyeza. Kila aliyewahi kulala bweni anajua kisahani kile kina nini tumboni. Sitaeleza zaidi, kwa kuwa walimu nao husoma gazeti hili.

"Radi," alinong'ona. "Nahitaji muda."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kupanda na kushuka."

Radi alifuata macho ya mkewe hadi darini. Hakuuliza mara mbili. Ndoa ya ngoma na besi haina maswali mengi. "Utaanguka."

"Wakala akisikia vyuma vinagongana huku nyuma atakuja kuchungulia. Piga ngoma. Peke yako. Kwa nguvu."

"Unajua mimi sipendi mambo hayo."

"Radi."

Ni kweli hakupenda. Licha ya jina lake, Radi alikuwa mpiga ngoma wa kiasi. Alisifiwa zaidi kwa mapigo aliyoyaacha kuliko aliyoyapiga. Lakini alimtazama mkewe mara moja, akavishika vijiti, akatangaza kwa sauti kavu, "Kabla ya wimbo wa mwisho, ngoma."

Kisha dunia ikapasuka.

Alipiga kila kilichokuwa mbele yake. Alipiga matoazi kama anayafukuza. Vikombe vilitetemeka kabatini. Shemeji alivua kofia, ishara ambayo haikueleweka kama ni ya heshima au ya msiba. Wakala alichomeka kidole kimoja sikioni, akagugumia chai, akaweka kikombe chini ili achomeke na cha pili.

Nyuma ya pazia, Kisiki alikuwa juu ya stuli, na stuli juu ya spika, na spika juu ya magurudumu yake.

Alikishika kisahani. Hakikuzunguka. Akakaza. Stuli ikacheza. Chini yake ikatokea sauti.

"Unafanya nini huko juu?"

Mama Mkwe alikuwa ameshika pazia kwa mkono mmoja.

"Nachukua betri, mama."

"Ya nani?"

"Ya ukumbi."

Mama Mkwe alimtazama mkaza mwana wake kutoka visiginoni hadi kisogoni. Kisiki alisubiri hukumu. Badala yake kizee kile kikaingia, kikaifumbata miguu ya stuli kwa mikono yote miwili.

"Nikueleze jambo," alisema, akilazimika kupaza sauti kwa ajili ya ngoma. "Usianguke ukilisikia. Mimi ndiye niliyemwambia Wakala kwamba tunaweza kwenda watatu. Kabla hajafika hapa."

Mikono ya Kisiki ilisimama. "Kwa nini, mama?"

"Nyumba haiwezi kukaa mwaka mzima bila mtu. Nikasema, mkwe atabaki aitunze. Nikaona nimepanga vizuri."

"Na mimi hukuniambia."

"Sikukuambia."

Pale juu, akiwa na kisahani cha watu mkononi na mama mkwe miguuni, Kisiki alitamani kulia, lakini ukilia juu ya stuli huoni pa kushukia.

"Basi kwa nini umenishikia?"

Mama Mkwe aliikaza stuli. Ngoma zilijaza nafasi, na zaidi ya nafasi.

"Kwa sababu ule wimbo wa pili," alisema, "nimeuimba nikitafuta pa kuweka miguu. Noti zote zilikuwepo. Sakafu haikuwepo. Nimeimba na watu wengi, najua sakafu ikiondoka. Zungusha upande wa kushoto, mwanangu, hivyo vyote hufunguka kushoto. Na ukimaliza unairudisha. Mimi si mama wa wezi."

Kisahani kikafunguka. Betri ikadondokea kiganjani. Kisiki akailamba.

Ulimi ukawaka moto.

Hajawahi mtu kufurahia uchungu namna ile.

Dakika hiyohiyo alikuwa jukwaani, kifuniko cha mgongoni mwa gitaa kimefunguliwa, betri imeingia, kifuniko kimefungwa. Alichukua waya akauchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, akiziruka pedeli zote tatu. Hakutaka kitu chochote katikati yake na spika ambacho kinaweza kufa.

"Hata ya kubana sauti hutumii?" Shemeji aliuliza. "Utapanda na kushuka kama ndoo kisimani."

"Nitabana kwa vidole. Na wewe, mkono wa kushoto uweke mfukoni."

"Sasa nipigeje, shemeji?"

"Kama mtu mwenye mkono mmoja na adabu."

Ngoma zilikoma. Ukimya ulioingia ulikuwa na mlio wake. Radi alikuwa ameloa, kifua kinapanda na kushuka, mikono imening'inia kama nguo zilizoanikwa. Wakala alitoa vidole masikioni, akachungulia kikombe. Lilibaki funda moja.

Mama Mkwe alianza kuimba bila kungoja mtu, wimbo wa polepole.

Mikono ya Radi ilikuwa imekwisha kabisa. Alipiga ngoma ya mguu tu, na kijiti kimoja. Kisiki akaingia juu ya mguu huo. Noti moja. Akaiacha ikae, kisha akaifunga kwa kiganja kabla kijiti hakijashuka, ili kijiti kiangukie mahali patupu. Noti ya pili. Akaifunga tena.

Hilo ndilo ambalo mkono wa Shemeji haukulijua. Noti ulizijua zote, ulizishika mahali pake, ila kila moja uliiacha ikalie juu ya inayofuata, kama wageni wasiojua muda wa kuaga. Besi si pale noti inapoanza tu. Besi ni pale inapoondoka.

Kisiki hakuongeza pambo hata moja. Alikuwa na mambo ya kuonyesha, na vidole vinavyoweza kuyaonyesha, na hofu ya kutosha kuyatoa yote kwa pamoja. Akayaacha yote. Kila pale alipotaka kujaza, alingoja. Ubeti wa pili Mama Mkwe alifumba macho na kuachia sauti yake yote, kama mtu anayejua kwamba akirudi atakuta kigoda mahali palepale. Mkono wa kulia wa Shemeji ukaanza kupiga vitu vizuri ambavyo haijulikani ulivificha wapi siku zote.

Wakala alikipeleka kikombe mdomoni. Kikasimama njiani. Chini ya kiti, kisigino chake kilikuwa kimeshaanza kazi.

Wimbo ukaisha. Hakupiga makofi. Aliweka kikombe chini, funda likiwa bado ndani, akatoka nje kwenda kupiga simu.

Ulikuwa ukimya wa kusubiri matokeo ya mtihani, ule ambao hata wachokozi wa darasa huwa na heshima. Shemeji alikunja nyaya. Mama Mkwe alikaa chini, akavua kiatu kimoja. Radi alijifuta jasho. Kisiki, kwa kuwa ahadi ni ahadi na kwa kuwa hakuweza kukaa, alitoa betri, akaenda nyuma ya pazia kuirudisha ilikotoka.

Alikuwa juu ya stuli, kisahani kimeshafungwa, kitaa kinakonyeza tena, aliposikia pazia linasogezwa.

Wakala.

Kisiki akawaza, nimekamatwa. Lakini Wakala hakutazama darini hata kidogo.

"Umenirudishia mguu," alisema.

"Asante, mzee."

"Nimepiga simu melini. Unakuja."

Stuli ilicheza, na safari hii hapakuwa na wa kuishika. Kisiki alijishikiza kwenye bomba la dari. Mwaka mzima. Bahari, jukwaa, Radi nyuma yake akipiga ule mguu wake mtulivu. Alitaka kucheka na hewa haikutosha.

"Mama, kinanda, na wewe," Wakala aliendelea. "Watatu."

Kicheko kikakwama. "Na ngoma?"

"Melini tunayo mashine ya ngoma, inatosha. Abiria wangu ni watu wazima, bibie, wanataka kula na kuzungumza. Wimbo wa kwanza sikuwa na neno juu yake. Lakini nilipomsikia akipiga peke yake vile, niliamua palepale. Sikio hili bado linavuma. Mtu wa namna hiyo ukimweka kwenye ukumbi mdogo atawamaliza wazee."

"Yule si mpiga ngoma wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyemwambia—"

"Nimeambiwa ni mumeo. Basi utajua maneno ya kumwambia." Akatazama saa yake. "Nakwenda kwenye gari. Njoo unipe jibu. Ukikataa, sina ugomvi. Nitarudi kwenye mpango wa kwanza, nimchukue yeye badala yako, nimvumilie. Ila nachukua mmoja kati yenu. Sichukui wote."

Pazia likarudi mahali pake.

Sijui alisimama pale juu kwa muda gani. Alichoona baadaye ni mikono miwili ikiishika stuli chini yake, iliyochubuka kwa ngoma, ngozi imetoka kwenye maungio ya vidole.

"Shuka polepole," alisema Radi. "Amesemaje?"

Kisiki alishuka. Alimtazama mumewe, jasho halijakauka, macho yametulia kwa namna asiyoielewa.

"Bado hajaamua," alisema.

"Sawa," alisema Radi. Akavitazama viganja vyake, akavifumba.

Nje, gari likawashwa.

Kisiki hakukimbia, na hakutembea pia. Alikwenda kwa ule mwendo wa mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alipita katikati ya meza zenye viti vilivyoinua miguu juu. Alimpita Mama Mkwe na kiatu chake kimoja. Alimpita Shemeji, ambaye alifungua mdomo aseme neno la utani, akaona uso wake, akalimeza.

Kioo cha gari kilishuka.

"Ndiyo, bibie. Nani anakuja?"

Alifungua mdomo.

"Chukua besi," ilijibu sauti nyuma yake.

Radi alikuwa amesimama ngazini, vijiti kwapani. Hakumtazama mkewe. "Nilikuwa upande wa pili wa pazia, mzee. Nilimpelekea taulo. Nimesikia maneno yote, nikamuuliza, nikasubiri aniambie." Akameza mate. "Chukua besi. Mimi nitabaki na nyumba."

Wakala alimwangalia, kisha akamwangalia Kisiki, na kidole chake kikaanza kugonga gonga juu ya usukani.

"Sijakuuliza wewe," alisema. "Nimemuuliza yeye."